Maneno Matatu, Basi

Simu yangu inaishi kikombeni. Ni kikombe cha plastiki cha buluu, nimekifunga mpini kwa utepe kwenye nondo ya dirisha la duka langu la kushonea, na sikukifunga pale kwa urembo. Katika duka zima, tangu mlangoni hadi ukuta wa nyuma, ni pale tu ndipo mtandao unapopita, tena siku ukijisikia. Nikitaka kumwandikia mtu napanda kigoda, nashika nondo kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa kidole gumba cha mkono wa pili. Mteja mgeni akinikuta huko juu nimekikodolea macho kikombe anadhani nimerukwa na akili. Sijali. Nguo zake zinatoka kwa wakati.

"Umenasa nini leo?" huniuliza Fundi Viatu. Huyu ni jirani yangu wa kibarazani, ana benchi lake, nyundo yake na maneno yake mengi, na kazi yake ya pili baada ya kushona viatu ni kunicheka mimi.

"Nimenasa mjinga mmoja na nyundo yake," humjibu.

Kwa kupanda na kushuka kigoda nimejifunza kwamba ujumbe mrefu hauendi. Unabaki na kile kisaa chake kidogo pembeni, kinakutazama, unakitazama, mpaka chai inapoa. Mfupi unapenya. Kwa hiyo nilijiwekea sheria: maneno matatu, basi. Ukiwa na mengi ya kusema yakate vipande, kila kipande maneno matatu, uvitume kimoja kimoja. Kukata ndiyo kazi yangu, sikuona ugumu. Wateja wangu wote wanaijua sheria hiyo, na anayejitia kuniandikia barua nzima hajibiwi, kwa sababu hainifikii.

Mtu wa mwisho kufundishwa alikuwa binti wa kaka yangu, ambaye gauni lake la harusi nilikuwa nalishona mimi. Yeye alibisha.

"Shangazi, sentensi haikatwi katikati," aliniambia siku alipokuja kupimwa. Ni mtoto wa mwalimu. Hata namba anaziandika kwa maneno, kwa kuwa baba yake alimlea hivyo.

Nikamwonyesha mkasi. "Gauni lako liko kwa nani?"

"Kwako, shangazi."

"Basi maneno matatu."

Akacheka, akakubali. Ni mtoto mtiifu, na utiifu wake utauona mbele.

Sasa nimfikie huyo baba yake. Kaka yangu ni mwalimu wa Kiswahili kazini na nyumbani, akiwa macho na akiwa usingizini. Tumezaliwa wawili tu. Nilipokuwa najifunza kushona kwenye cherehani ya mama, ile ya kuzungushwa kwa mkono, mzungushaji alikuwa yeye. Mimi naongoza kitambaa kwa mikono miwili, yeye anazungusha kwa mkono wa kulia na wa kushoto ameshika kitabu cha shule ananisomea. Sikuambulia masomo mengi, lakini mishono yangu ilinyooka. Mtu aliyekuzungushia cherehani utotoni huwezi kuacha kumpenda hata akikuudhi, na huyu aliniudhi hasa.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita, nilipofungua duka hili. Nilipanda kigoda kwa mara ya kwanza nikaandika kwenye kundi la familia: "Nimefunguwa ofisi mpia nashona nguo za kira haina karibuni woote." Simu ilikuwa ngeni, nami nilikuwa na furaha. Ujumbe ulichukua robo saa kwenda. Nikabaki juu ya kigoda nasubiri pongezi. Jibu la kwanza likatoka kwa kaka: "Makosa matano. Rudia." Nukta mbili, kila moja mahali pake. Chini yake ndugu wote wakamwaga vikatuni vya kucheka hadi machozi.

Nikatoka kwenye kundi siku hiyo hiyo. Nikasema kaka hatanisikia tena mpaka aje kwa miguu yake hadi dukani kwangu. Yeye, naambiwa, alisema aliyetoka ni mimi, basi mimi ndiye wa kurudi. Ukaidi tulirithi kwa mama, tukagawana sawasawa.

Na harusi ilikuwa Jumamosi. Mimi ndiye wa kumvalisha bibi harusi, kaka ndiye wa kumpokea mlangoni na kutoka naye. Tungekutana pale kizingitini, mimi ndani yeye nje, baada ya miaka miwili bila hata salamu. Gauni halikunipa hofu, gauni nalijua. Nilichoogopa ni kwamba kaka angenipita bila kunitazama, watu wakiona, na kuanzia hapo isingewezekana tena kurudi nyuma. Aliyeniuliza nilimwambia sijali. Nilijali mpaka hamu ya kula ikapungua, na mimi si mtu wa kupungukiwa hamu ya kula.

Jumatano asubuhi bibi harusi akaghairi. Mwanzo alitaka gauni lisilo na mikono, sasa anataka mikono mirefu hadi kwenye kifundo cha mkono. Satini ilikuwa imebaki ya kutosha mikono miwili, bila ziada. Nikapanda kigoda nikaandika: "Pima mkono, nitumie." Nikashuka, nikawasha pasi. Baada ya muda kikombe kikatetemeka.

"Mkono inchi ishirini."

Nilishangaa kidogo, maana yule binti ni mrefu, lakini sikutaka kubishana na bibi harusi aliyebakiza siku tatu. Nikatandaza satini mezani, nikapiga chaki, nikaongeza ya pindo, nikakata mkono wa kushoto. Mkasi wangu ni mkali, satini iliachia bila sauti. Nilikuwa naulaza ule mkono pembeni nianze wa kulia, kikombe kikatetemeka tena.

"na tatu."

Nikasimama pale juu ya kigoda nikazihesabu. Mkono, inchi, ishirini: maneno matatu. Na, tatu: yaliyobaki. Hakukosea hata kidogo. Alikuwa amefuata sheria yangu mimi mwenyewe, neno kwa neno, na mkono wa kushoto wa gauni lake ukawa mfupi kwa inchi tatu nzima.

Niliutukana mnara wa simu. Nikautukana mkasi. Nikamgeukia Fundi Viatu, aliyekuwa hajafanya lolote, nikamwambia anyamaze.

"Sijasema kitu," akasema.

"Ulitaka kusema."

Akainuka aje aone kilichoharibika, akalipiga teke kopo lake la rangi nyekundu ya viatu. Rangi ikamwagika kizingitini mwangu, ikaingia hadi chini ya meza. Ilikuwa asubuhi ya namna hiyo. Tulifuta kwa matambara tukachoka, na doa likabaki.

Kisha nikapanda kigoda kumweleza bibi harusi. Kumficha nisingeweza, kwa kuwa satini ilibidi niitafute tena dukani na pengine rangi isingelingana. Niliandika vipande saba, harakaharaka, kimoja nyuma ya kingine:

"Kuhusu lile gauni."

"Nimekata mkono vibaya."

"Mkono wa kushoto."

"Umeharibika kabisa, nautupa."

"Nitatafuta mwingine kesho."

"Usimwambie baba yako."

"Usihofu, gauni litapendeza."

Hicho cha baba yake nilikitia kwa sababu nilimjua kaka. Angesikia nimekata vibaya angeuliza ni makosa mangapi. Nikashuka bila kuangalia kipi kimekwenda na kipi kimebaki na kisaa. Hapo ndipo nilipokosea, lakini nani anahesabu tiki siku kama ile? Nikautupa ule mkono kwenye pipa la vitambaa, nikauzika chini ya mabaki ya suruali ili nisiuone.

Muda si mrefu Fundi Viatu akaninyooshea kidole dirishani. Watu wawili wenye kofia ngumu walikuwa wamepanda mnara wa simu ule wa kilimani. "Wanarekebisha," akasema. "Mtaa mzima hauna mtandao. Wamesema mpaka jioni." Nikachungulia kikombe: hata kile kimstari kimoja cha kawaida hakikuwepo. Nikasema afadhali, leo nisisumbuliwe na mtu. Nikaendelea na kazi za wateja wengine.

Ilipofika saa kumi nilikuwa nimekaa nageuza suruali ya mpishi mmoja, suruali nyeupe, nene, ya kazi. Kuigeuza unaingiza mkono ndani ya mguu wa suruali mpaka begani, unashika pindo la chini, unavuta. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa huko ndani. Nje nikasikia gari likifunga breki, mlango ukifunguliwa kabla halijasimama sawasawa, na viatu vikikimbia.

Kaka yangu akatokea mlangoni.

Alikuwa amevaa koti lake la kufundishia, vumbi la chaki likiwa bado begani. Alisimama kwenye kizingiti, akaangalia chini akaiona ile rangi nyekundu, akaifuata kwa macho hadi chini ya meza, akapandisha macho akaniona mimi na mkono uliozungushiwa kitambaa cheupe usio na kiganja mbele. Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Alishika fremu ya mlango.

"Mdogo wangu," akasema. 

Kwa miaka miwili nilikuwa nimeandaa hotuba ya siku hiyo. Ilikuwa na utangulizi na ilikuwa na mafumbo, mengine makali. Yote yakaniruka. Nyuma yake akaingia jirani yake, ambaye ni nesi, mama mmoja mpole wa umri wangu, amekumbatia boksi la barafu.

"Umekuja na nesi?" nikauliza. "Nani mgonjwa?"

Nesi akapiga magoti mbele yangu. "Tulia hapo hapo, mama. Usiusogeze. Huo mwingine uko wapi?"

"Mwingine upi?"

"Mkono. Uliokatwa."

"Aa, huo." Nikadhani bibi harusi amewasimulia habari za gauni, na nikaona aibu kwamba jambo limefika hadi kwa nesi. "Nimeutupa."

"Umeutupa wapi?"

"Kwenye pipa pale, chini ya vitambaa."

Kaka akapita mbio, akaliinamisha pipa, akaanza kufukua. Vitambaa, zipu mbovu, kola kuukuu, vyote vikaruka sakafuni. Nikamwambia aache kunichafulia duka. Hakunisikia.

"Ulikatwa saa ngapi?" nesi akauliza.

"Kama saa nne asubuhi."

Akahesabu kwa vidole. "Zimepita saa sita, mwalimu," akamwambia kaka. "Sijui kama utaunganika."

"Hauunganiki," nikasema. "Nimeshaupima. Umepungua inchi tatu."

Nesi akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa, kisha akamgeukia kaka na kushusha sauti. "Ni mshtuko. Wanaongea hivyo."

"Hata hivyo kesho naenda dukani," nikaendelea, maana nilitaka wajue nina mpango. "Rangi nitaitafuta mpaka nipate inayolingana."

Hapo mlangoni Fundi Viatu alikuwa amesimama na nyundo yake, amebana midomo, mabega yanamtingisha. Ndiye aliyeelewa wa kwanza, na hakusema, mnafiki yule. Alitaka tamthilia imalizike.

Kaka akatoa mkono wake pipani. Ameshika kipande cha satini nyeupe, kirefu, kimekatwa vizuri, chaki yangu bado ubavuni. Akakiangalia. Akanigeukia mimi. Nami nikavuta mkono wangu kutoka kwenye suruali ya mpishi ili nimnyang'anye ile satini asiichafue, na kiganja kikatoka kizima na vidole vyake vitano.

Nesi akautazama mkono wangu, akaitazama satini.

"Mkono wa gauni," akasema kaka.

"Wewe ulidhani mkono wa nini?"

Nesi akaweka boksi lake sakafuni, akalikalia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Fundi Viatu naye akaachia, akacheka huku akigonga fremu ya mlango kwa nyundo. Mimi nikabaki natazama mmoja baada ya mwingine, hasira zikinipanda, mpaka nikaanza kuelewa polepole. Kwa fundi nguo mkono ni mkono wa nguo. Shingo ni shingo ya nguo, na mguu ni mguu wa suruali. Vile vya mwilini tunavitaka kwa kupimia tu, tukimaliza kupima tunavisahau. Sikuwahi kufikiria kwamba duniani kuna watu wanaosikia mkono umekatwa wakakumbuka damu.

Kaka hakucheka. Alikuja na ile satini mkononi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika kiganja changu cha kushoto kwa mikono yake miwili. Akakibonyeza kidole kimoja kimoja kama ananihesabia. Halafu akalia. Kaka yangu, ambaye tulipomzika mama alisimama wima akapanga watu mistari, alilia dukani kwangu mbele ya fundi viatu. Nami nikalia, kwa kuwa nilikuwa nimemkosa kwa miaka miwili na sikuwa na sababu nyingine.

Chai ndiyo iliyoturudisha. Nesi alisimulia huku anapuliza kikombe chake. Bibi harusi alisoma ujumbe akiwa kazini, akapiga simu kwangu, hanipati, akapiga tena, hanipati. Akaukumbuka ule wa kumkataza asimwambie baba yake, akampigia baba yake papo hapo. Kaka alikuwa darasani. Mwalimu ambaye kwa miaka thelathini hajawahi kutoka darasani kabla ya kengele aliacha chaki mezani na sentensi nusu ubaoni, akatoka. Akaazima gari la shule. Akapita kwa nesi, akapita dukani kuchukua barafu, kwa kuwa nesi alimwambia mkono uliokatika ukiwahiwa na barafu unaweza kushonwa. Njia nzima, mwendo wa karibu saa nne, alikuwa anabonyeza simu tu, na nesi ndiye aliyeendesha.

"Na ule wa kutafuta mwingine kesho?" nikauliza. "Haukuwashangaza?"

"Tuliuona binti alipotutumia picha, tukiwa tunatoka mjini," nesi akasema. "Nikamwambia mwalimu, damu ikipungua sana kichwani watu huota."

Kaka akanionyesha kwenye simu yake hiyo picha ya vile vipande, aliyotumiwa na binti yake. Vilikuwa vitano. Cha kwanza, cha gauni, na cha mwisho, cha kutokuhofu, havikufika. Vilikuwa bado kikombeni mwangu na visaa vyao.

"Nimevisoma mara nyingi sana," akasema. "Hakuna kosa hata moja. Herufi zote, nukta zote, hata mkato upo. Nikasema, huyu ameandika vizuri namna hii, basi anakufa."

Nilimpiga bega kwa suruali ya mpishi. Akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko chake kile cha zamani cha kuvutia ndani, na nikajua duka langu limefunguliwa rasmi.

Akaiokota satini, akainyoosha juu ya goti lake. "Kosa hasa ni lipi?"

Nikamweleza. Ishirini, kisha na tatu. Nilitegemea anipe maksi. Yeye akaulaza mkono mezani, akauangalia kwa muda jinsi anavyoangalia daftari, na kuweka kidole pale mwisho, kwenye kifundo.

"Lakini sentensi si mbaya," akasema. "Imeishia katikati tu. Hapa panakosekana 'na tatu'. Iongeze."

"Niongeze na nini? Satini imekwisha."

"Mimi nafundisha sarufi. Fundi ni wewe."

Nikageuka nikaangalia rafu. Kulikuwa na lesi, ile niliyotia kiunoni mwa gauni, ilibaki roli nzima. Ukanda wa lesi wa inchi tatu kwenye kifundo, mkono wa kushoto na wa kulia, na mtu angeapa kwamba gauni lilichorwa hivyo tangu mwanzo. Niliuona kabla sijaugusa. Saa sita zote zile ulikuwa pipani, na dawa yake ilikuwa rafuni juu ya kichwa changu.

Tukafanya kazi. Niliukata mkono wa kulia inchi ishirini kwa makusudi, nikaunganisha lesi. Kaka alivua koti, akakaa upande wa pili wa cherehani, akashikilia mkia wa gauni usiburute sakafuni. Cherehani yangu siku hizi ni ya umeme, haihitaji mtu wa kuizungusha, lakini aliuweka mkono wake wa kulia pale ubavuni mwa mashine, mahali pa mpini wa zamani, na hakuuondoa mpaka nilipomaliza. Hatukuzungumza habari za miaka miwili. Ya makosa matano hayakutajwa. Nilitaka ayataje yeye, mimi nisiyataje, tukabaki hivyo.

Jua lilipoanza kushuka nesi akasema barabara ni ndefu. Barafu akamwachia Fundi Viatu, aliyekwisha kuingiza humo chupa yake ya maji. Kaka akavaa koti, akasimama kizingitini juu ya lile doa jekundu.

"Jumamosi," akasema.

"Jumamosi," nikasema.

Gari likaondoka. Sisi watu wa mama yangu ndivyo tunavyoagana.

Nilikuwa nafagia vitambaa alivyovitawanya wakati kikombe kilipotetemeka. Kikanyamaza. Kikatetemeka tena, na tena, mpaka kikaanza kugonga nondo. Kule kilimani wale watu wawili walikuwa wanashuka mnara.

"Leo umenasa," akasema Fundi Viatu.

Nikapanda kigoda. Kwanza nikaona vile vipande vyangu viwili vilivyobaki vikipata tiki zake, kuhusu lile gauni, usihofu. Vilijiendea kwa raha zao, bila haraka, baada ya kumaliza kuua watu. Kisha likatokea jina ambalo kwa miaka miwili halikuwahi kutokea kwenye simu yangu: Mwalimu. Ujumbe sita, wa kwanza wa saa sita mchana, wa mwisho wa saa tisa na ushei.

"mdogo wanhu nakija"

"kaa chni usismame"

"mkonk usitupe weka kwny barafu"

"nakija na nsei"

"nakija nakija"

"usife mdgo wangu"

Kaka yangu huandika nukta hata kwenye orodha ya sokoni. Nikazisoma moja moja nikiwa nimeshika nondo. Ile ya mwisho niliisoma mpaka herufi zikapotea, si kwa sababu ya mtandao.

"Kuna nini huko juu?" akauliza Fundi Viatu.

"Kaka yangu ananipenda," nikamwambia. Nilitaka kumjibu kitu kingine cha kumkata maneno, sikukipata.

Nikapangusa uso kwa futi ya kupimia iliyokuwa shingoni. Nikarudi juu, nikahesabu tena kwa makini, kidole kwenye kioo, kama alivyonihesabu vidole. Herufi kubwa sikumdai, wala nukta. Maneno tu. Kisha nikaandika, na safari hii sikukata. Maneno matano kwa mpigo mmoja, liwalo na liwe:

"Makosa kumi na moja. Rudia."

Kisaa kikakaa pale. Chai yangu mezani ikapoa. Ikaja tiki moja, nikangoja, ikaja ya pili, zikageuka buluu zote mbili. Pale juu pakaandikwa anaandika, pakafutika, pakaandikwa tena. Nilimwona hivi hivi, kwenye kiti cha mbele cha gari la shule, ameinamia simu, nesi anamuuliza anacheka nini.

Kikombe kikatetemeka mara moja.

"Nakija Jumamosi."

Nukta ilikuwepo, herufi kubwa zilikuwepo, na lile kosa moja hakulirekebisha.